Waya wa Kilima cha Hocking

Risala ya Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea cha Polwarra, pamoja na familia za marehemu sita wa moto wa Februari, kwa Mheshimiwa Fergus Trembath, Waziri wa Nishati, siku ya kufunuliwa kwa jiwe la kumbukumbu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Fergus Trembath, mbunge wetu na Waziri wa Nishati wa jimbo, Mwenyekiti wa halmashauri, Kasisi, familia za marehemu, wageni waalikwa, nanyi ndugu mliosimama juani kwa sababu kivuli cha hema kimechukuliwa na watu wa itifaki:

Hili nimeliongeza kwa kalamu sasa hivi, kwa agizo la Kapteni wetu Darcy Opie, kwa kuwa haliwezi kungoja. Mgeni rasmi, gari lako limeegeshwa juu ya nyasi kavu nyuma ya ukumbi. Bomba la moshi la gari lililotoka safari ndefu linatosha kuwasha nyasi hizo, na leo ni siku ya marufuku ya moto. Tunaomba lisogezwe kwenye kokoto. Dereva wako ni mtu wa mjini, hatumlaumu. Ila wewe ulikuwa umekaa kiti cha nyuma, na wewe umezaliwa hapa.

Tunasubiri.

Asante. Sasa tuendelee.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu nyumbani. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekungoja tupone kwa miaka tisa.

Utatuwia radhi kwa chakula. Mgeni wa kikosi chetu hupokewa kwa soseji za kuchoma na vitunguu, lakini leo hairuhusiwi kuwasha hata jiko la uani, kwa hiyo kuna pai za nyama zilizopoa, mikate ya matango, na keki za nazi za Thelma Rowett. Keki hizo unazijua. Ulizila sana wakati ule ulipokuwa unatuhitaji.

Tunapenda pia kumshukuru msaidizi wako. Wiki iliyopita alitupigia simu akaomba tumsomee risala hii ili aipitie. Tukamsomea mpaka mwisho. Akasema ni risala nzuri sana, imegusa moyo, ila ingependeza zaidi tukiondoa neno "waya", kwa kuwa leo ni siku ya kumbukumbu na si siku ya siasa. Tumelizingatia ombi lake kwa uzito unaostahili. Waya. Waya. Waya. Tunaomba alifikirie hilo kuwa jibu letu.

HISTORIA YAKO, AMBAYO NI YETU PIA

Mgeni rasmi, wasifu wako uliotumwa na ofisi unaanzia Chuo Kikuu. Sisi tutaanzia nyuma kidogo.

Wewe ni mtoto wa Ned Trembath, mkata manyoya ya kondoo, aliyeumia mgongo kazini akamalizia maisha yake akifagia ukumbi huu. Mama yako aliuza vitafunio shuleni. Ulikuwa na umri wa miaka saba kwenye sherehe ya Krismasi ya kikosi, ulipomsimamisha Baba Krismasi mbele ya watoto wote na kumhoji. Alikuja na nini? Kulungu wake wako wapi? Kwa nini buti zake zina samadi ya ng'ombe wa Hocking? Ulimbana mpaka Baba Krismasi akakiri mbele ya umati kwamba alikuja na trekta. Aliyevaa yale mavazi mekundu alikuwa Merv Hocking, marehemu mume wangu mimi ninayesoma risala hii, na alirudi nyumbani akicheka huku akifuta jasho. "Noeline," aliniambia, "yule mtoto tusipomfanya wakili atatufunga sote."

Basi tukakufanya wakili. Hatukufanya kitu kikubwa. Tulikupeleka kituo cha treni, tukakupokea likizo, Thelma akakukunjia pindo la joho lako la kwanza kwa sababu lilikuwa linakuburuza. Ulipomaliza ulirudi, na hilo wengi hawafanyi. Ulifungua ofisi juu ya duka la nyama. Uliandika wosia za wazee, ukasuluhisha ugomvi wa uzio kati ya watu waliokuwa hawasemeshani tangu ujana, ukasimama na familia ya wafuga ng'ombe mpaka mahakama ikawarudishia shamba lao. Ulikuwa wakili mzuri, Gus, kama tulivyozoea kukuita. Tunalisema hilo bila kinyongo, na ndiyo maana hasira yetu ni kubwa. Mtu asiye na uwezo tusingemkasirikia, tungemwonea huruma tu.

Kisha ukaja ule moto. Watu wa hapa hawahitaji kusimuliwa, ila watu wa hema huenda wanahitaji. Siku ilikuwa kama hii ya leo, upepo wa kaskazini, mikaratusi imekauka mpaka inalia. Juu ya kilima cha Hocking, shambani kwangu, kibano kilichoshika waya wa umeme kwenye nguzo kilikuwa kimelika. Waya ukachezacheza, ukaanguka. Kufikia jioni tulikuwa tumempoteza Clem Rowett, mume wa Thelma, Merv wangu, Gwen na Pat Uren, ndugu wawili waliokataa kuacha mbwa wao, mchungaji mstaafu Aldous Bice, na mwalimu Tran Quoc Bao, aliyekuwa amehamia kwetu muhula uleule. Clem na Merv walikuwa ndani ya lori letu la zimamoto. Walikuwa wanarudi kuwafuata akina Uren.

Mahakama ya uchunguzi wa vifo ilipokaa, ulisimama kwa niaba yetu. Ulimhoji mhandisi wa kampuni ya umeme kama ulivyomhoji Baba Krismasi, kwa upole, swali moja baada ya jingine, ukiwa umeshika kipande cha ule waya mkononi. Alikiri kwamba waya ule ulifungwa enzi za babu zetu. Alikiri kwamba kampuni ilijua. Mahakama ikapendekeza waya wote wa vilimani ubadilishwe. Tulikubeba mabegani kutoka pale mlangoni mpaka baa ya hoteli, na mzee Carmelo Scarfo, ambaye hajawahi kumsifia mtu, alisema ungekuwa mwanawe angekupa shamba la mizabibu.

Lakini pendekezo si amri, na hilo ulitufundisha wewe mwenyewe. Ulituambia tuende mahakama kuu tuombe amri, kampuni ilazimishwe kuubadilisha. Tukaifungua kesi. Tukaanza. Halafu chama kikaja kukubisha hodi.

Ulitukusanya jikoni kwa Thelma. Wote tuliokuwepo tunayakumbuka maneno yako, kwa hiyo tunayasema hapa kama ulivyoyasema.

"Thel, sikiliza," ulisema. "Kesi hii itatuzeesha. Wakili anapiga magoti mbele ya jaji anaomba. Waziri ananyanyua simu anaagiza. Nipeni kiti bungeni, muiondoe kesi ili nisiingie na mgongano wa maslahi, na huo waya utashuka kabla ya kiangazi cha pili."

Kapteni Opie ndiye aliyekohoa. Akauliza kama isingekuwa vizuri tukaandikishana, mistari miwili tu.

Tulimshukia sote. Hapa Polwarra mtu hamwandikishi jirani yake. Utamwazima trekta msimu mzima, utampa ufunguo wa nyumba yako akulishie kuku, lakini ukimwambia atie sahihi umemwita mwizi mbele ya watoto wake. "Darcy, una wazimu?" alisema Thelma. "Unamwandikisha Gus? Huyu si alijifunza kutembea akishika meza hii hii?" Nawe ukacheka, ukamshika Darcy bega, ukasema, "Usijali, Kapteni. Ningekuwa mimi ningeuliza vilevile." Wewe uliyefundisha wilaya nzima kutosaini kitu kabla ya kukisoma, ndiye mtu pekee ambaye hatukumtaka sahihi. Wahenga walishaonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Tulikuwa na kesi, tukaiacha kwa ajili ya mtu.

Siku ya kura tulisimama kwenye geti la shule tangu asubuhi, tukichoma soseji na kugawa vikaratasi vyenye picha yako. Tulikuandika namba moja kwenye karatasi ya kura, juu ya wagombea wote. Hata wale ambao baba zao wangefufuka na kuwalaani kwa kukipa chama chako kura, walikuandika namba moja.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kwa mujibu wa utaratibu, risala hutaja mafanikio. Tutataja yako kwanza.

Umekuwa mbunge. Umekuwa katibu wa bunge wa mambo ya sheria, kisha Waziri wa Sheria, na sasa ni mwaka wa tatu wewe ni Waziri wa Nishati, yaani waziri wa nguzo na nyaya, kiti kilekile ulichotuomba tukuinulie. Tulipoisikia habari hiyo redioni, Thelma alitoka nje akapiga kengele ya lango lake mpaka majirani wakaja wakidhani kuna moto. Umehutubia mikutano kuhusu usalama wa watu wa vijijini. Katika hotuba hizo humtaji Clem kwa jina, unasema "rafiki yangu mkulima", na watu hupiga makofi. Tunaambiwa kwamba katika mtaa unaoishi sasa, kule mjini, nyaya zote zimefukiwa chini ya ardhi ili zisiharibu mandhari ya miti ya maua. Tunakupongeza. Miti hiyo tumeiona kwenye picha, ni mizuri.

Mafanikio yetu ni haya. Wizara yako imetupatia kijitabu chenye rangi kinachotueleza jinsi ya kufunga virago moto ukikaribia. Imetupatia kibao kipya barabarani chenye mshale wa kuonyesha hatari ya moto, na mshale huo siku za kiangazi huwa umeelekea kwenye nyekundu, tunauona kila tukienda dukani. Imekuja timu ya kwanza kupima nguzo, imekuja timu ya pili kuangalia vipimo vya timu ya kwanza. Na leo tumepata jiwe. Ni jiwe zuri, la kijivu, limechongwa vizuri. Jiwe lilikuja kwa lori kubwa lililopita chini ya ule waya.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja. Waya ule bado uko juu.

Si mwingine unaofanana nao. Ni uleule. Walipoufunga tena baada ya moto waliunga palipokatika, wakaweka kibano kingine, wakatuambia ni cha muda. Upepo wa kaskazini ukivuma unacheza kama kamba ya kuruka ya watoto, kibano kinasagika, na cheche zinadondoka kwenye nyasi. Tumeomba siku kama hizo umeme uzimwe. Tukajibiwa, kwa haki kabisa, kwamba ukizimwa pampu za visima nazo zinazima, na moto ukija hatutakuwa na maji. Kwa hiyo tunachagua kati ya kuwashiwa moto na kunyimwa maji ya kuuzimia.

Sasa tukueleze tunavyoishi, maana wasaidizi wako wanadhani tunalalamika tu. Kila siku ya upepo wa kaskazini, watu wawili wa kikosi hiki hupanda kilima cha Hocking na lori dogo la maji, huliegesha chini ya nguzo ile mahali tulipokwangua ardhi ikabaki udongo mtupu, na hukaa. Mmoja anatazama kibano. Mwingine ameshika mpira wa maji. Hawasomi gazeti, hawasikilizi mpira redioni, hawasinzii. Cheche ikidondoka, wana muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai kabla nyasi hazijawashinda. Tumefanya hivyo viangazi vyote tangu mwaka ule. Mwalimu mkuu amekaa pale. Mwoka mikate amekaa pale akiwa hajalala. Mjukuu wangu alifanyiwa usaili wa kazi kwa simu akiwa pale, akimwambia mwajiri wake amsamehe kidogo, macho yake hayawezi kuondoka juu.

Mwezi uliopita cheche zilidondoka. Carmelo Scarfo, mwenye umri wa kuwa baba yako, na Jodie, binti wa Thelma, walizima moto uliokuwa umeshaanza kukimbia kuelekea mjini. Carmelo aliungua viganja vyote viwili. Tuliandika ripoti, ofisi yako ikajibu kwamba imepokelewa. Hakuna mwandishi wa habari aliyekuja. Hakuna habari katika mji ambao haukuungua.

Carmelo alipofungwa bendeji aliulizwa na nesi kwa nini mzee kama yeye anapanda kule. Akamjibu, "Kwa sababu waziri wangu hajapanda."

Mheshimiwa, hapa naomba niliache neno "sisi" kwa dakika moja. Nguzo ile iko shambani kwangu. Naiona kutoka dirisha la jikoni nikiosha vyombo. Kwa miaka hii yote nimeiangalia kabla sijaangalia hali ya hewa, kabla sijaangalia kalenda, kabla sijamwangalia mtu yeyote aliyelala nyumbani mwangu. Watu huniuliza kama nimekusamehe. Sijafika hata kwenye swali hilo. Nina hasira nawe, Gus, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa ile kampuni, kwa sababu kampuni haikuwahi kula mezani kwangu.

Narudi kwa wenzangu.

Tumesikia majibu yako mengi, na tunayaheshimu kwa wingi wake. Kwamba bajeti ina awamu. Kwamba kuna upembuzi yakinifu. Kwamba nchi ni kubwa na vilima ni vingi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini mhandisi yule naye alikuwa na majibu ya kweli, alisema vilevile kuhusu awamu na bajeti, nawe ulimwangalia mpaka akamaliza, ukamuuliza: "Bwana, mimi sijakuuliza ni vilima vingapi. Nimekuuliza, ulijua?" Tunaliazima swali lako. Hatutakuongezea jingine.

OMBI

Mgeni rasmi, risala nyingi huomba mambo saba ili zipate mawili. Sisi tuna ombi moja, na linatekelezeka leo kabla ya chakula.

Ofisi yako ilitaka wewe ufunue jiwe. Familia zimekaa na zimekataa. Kitambaa kitavutwa na Thelma Rowett na binti yake Jodie, kwa kuwa jina la kwanza pale ni la Clem. Mtaona Thelma amesimama pale peke yake na kamba mkononi. Msidhani Jodie amechelewa. Leo upepo ni wa kaskazini, na Jodie Rowett yuko kilimani, chini ya ule waya, tangu alfajiri, pamoja na Carmelo na viganja vyake vyenye bendeji. Ilikuwa zamu yake. Tulimwambia abaki, tutatafuta mtu. Akasema, "Nani? Wote mna mtu kwenye lile jiwe." Alikuwa na haki. Tulihesabu, na katika watu wote waliopo hapa leo wenye miguu ya kupanda na macho ya kutazama, tulimkosa ambaye hatakuwa ameibiwa saa hii.

Isipokuwa mmoja.

Mgeni rasmi, kiti cha Jodie ni cha kushoto, upande wa mpira wa maji. Kimechanika kidogo lakini kinakalika. Carmelo atakuonyesha pa kutazama, ingawa wewe umekulia chini ya nguzo zile, kwa hiyo huenda unakumbuka. Hatukuombi ahadi, za kwako tunazo za kutosha. Hatukuombi utie sahihi popote. Tunaomba upande, ukae, uuangalie huo waya kwa macho yako huku upepo ukivuma, ili binti ashuke alivute pazia la jina la baba yake. Ukishuka jioni, ukiwa bado unaona kwamba unaweza kungoja awamu nyingine, basi utatuambia hivyo ukiwa na masizi usoni kama sisi, nasi tutakusikiliza.

Tumezungumza na Mwenyekiti na Kasisi, nao wameridhia. Hakuna wimbo utakaoimbwa, hakuna hotuba itakayofuata, hakuna pai itakayoliwa. Jiwe halifunuliwi mpaka Jodie ashuke, na Jodie hashuki mpaka kiti chake kipate mtu. Thelma anasema ameshasimama muda mrefu zaidi ya huu kwa ajili ya Clem, na atasimama.

Mungu aulaze upepo huu. Awalinde wawili walioko juu, awapumzishe sita walioko chini, na akupe wewe mgeni wetu miguu ya mtoto wa Ned Trembath.

Lori la pili liko mlangoni, injini inawaka. Kapteni Opie ndiye dereva.

Sisi wako,
Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea cha Polwarra, na familia za Rowett, Hocking, Uren, Bice na Tran.
Imesomwa na Noeline Hocking, Katibu.